Kadogo Alipoanza Kurefuka

Kama umelazwa chali na daktari amekukataza kujipinda, soma haya taratibu, huna haraka. Mimi nililala hivyo kiangazi kizima cha Juba, nimefungwa plasta kutoka kwapani hadi nyongani, na kitu cha kusoma nilichopewa ni Biblia na kijitabu cha kufuga kuku. Kuku hatukuwa nao. Kwa hiyo usitegemee nikufundishe habari za dawa, maana zile nilizomeza hata majina yake sikuyashika. Naandika kwa sababu kila nikipita hospitali naona watoto wamekaa benchini wameshika viuno, wengine bado wamevaa nguo za mazoezi, na hakuna anayewaambia inakuwaje baadaye.

Naitwa Nyandeng. Nina miaka ishirini na moja, na nikisema ishirini na moja namaanisha ya kweli. Utaona kwa nini nasisitiza.

Tulirudi Juba kutoka kambi ya wakimbizi, kule kaskazini mwa Kenya, mimi, mama na kaka yangu mkubwa Deng. Mama alianza kuuza siagi ya karanga sokoni. Deng akapewa pikipiki na mtu awe anaendesha boda boda. Mimi nikatiwa shule moja ya mtaa wa Munuki iliyokuwa na walimu wengi Wakenya, kwa sababu kambini Kiswahili ndicho kilichokuwa kinywani mwangu na mama aliogopa nikipelekwa kwingine nitakaa bubu.

Muhula wa kwanza tu akaingia darasani Kocha Barasa. Alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa upande wa Bungoma, ujanani aliwahi kufanya sarakasi kwenye mahoteli ya Mombasa. Alitaka kuanzisha kundi la jimnastiki, la kwanza shuleni, na alitaka watoto wa kuanza nao. Tulipangwa mstari uani. Akatupitia mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya, anabonyeza huyu, anamwacha yule. Alitufanya tushike vidole vya miguu bila kukunja magoti. Akatuning'iniza kwenye bomba. Akazungusha kidole gumba na cha shahada kwenye vifundo vya mikono yetu kuona unene wa mfupa. Kisha akauliza umri.

Nikasema kumi, kwa sababu ndivyo kadi yangu ya kambini ilivyosema na ndivyo shule ilivyoandika.

Akaniambia nifungue mdomo. Akaona pengo la meno mawili ya chini, akauliza kama ni mambo ya mila zetu, maana sisi Wadinka watu wanatujua kwa kung'oa meno ya chini. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa mtoto, mwalimu akiuliza kitu unaitikia. Akamgeukia mwalimu mwenzake akasema Mdinka wa miaka kumi na bado mfupi hivi, huyu hatarefuka tena, huyu ni dhahabu. Katika maneno yote hayo mimi nilisikia dhahabu peke yake, nikaenda nalo nyumbani.

Tulichaguliwa kumi na mmoja. Pembeni yangu alikuwa amesimama Keji, jirani yetu, aliyekuwa na hamu kuliko sisi wote. Kocha alimtazama miguu, akaona ni mikubwa, akamwambia arudi darasani. Hakurudi. Alipanda dirishani na dirishani pale akakaa miaka mitano, anatupitishia maji, anacheka tukianguka, akifika kwao anayafanya yote aliyoyaona.

Ukumbi wetu ulikuwa bwalo la kulia chakula. Alfajiri tulisukuma meza ukutani, tukatandika magodoro ya sponji yaliyoshonewa turubai, na ile harufu ya maharage ya jana ikawa ndiyo harufu ya mazoezi. Chuma cha kuning'inia kilikuwa bomba la maji lililozungushiwa tyubu ya baiskeli. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage yaliyochacha kidogo, moyo unaruka. Nilipenda pale kuliko mahali popote. Nilipenda unga wa chaki mikononi. Nilipenda ile nukta ya kusimama kwa mikono ambapo mwili unatulia wenyewe na dunia inanyamaza. Kocha aliniita Kadogo, na kundi zima wakaniita Kadogo, na jina alilonipa mama yangu likabaki la kuitikia wakati wa kuita majina darasani.

Wenzangu waliondoka mmoja mmoja. Wani alienda mpira wa miguu. Achol alichoka kulia kila Jumatatu anapokandamizwa kupiga msamba. Mmoja alianza kuota matiti, akakataa kuvaa nguo za kubana mbele ya wavulana wa mtaa wa Gudele waliokuwa wakija kuchungulia. Mwingine alichoka tu, hakuwa na sababu, alitaka kulala asubuhi. Kocha aliwaita walioshindwa, na mimi nikawaita hivyo hivyo, kwa kiburi, Mungu anisamehe. Mwaka wa tano katika wale kumi na mmoja nilibaki mimi. Wapya waliletwa wakapita. Wageni wakija, au tukialikwa kuonyesha hotelini na uwanjani, Kocha alinisimamisha mbele akasema huyu nilimwona siku ya kwanza, jicho langu halikosei.

Kisha nikaanza kurefuka.

Mwanzoni ni sketi iliyofupika. Halafu magodoro yakawa karibu kuliko nilivyozoea, mikono ikawa inafika kabla sijawa tayari. Kadi ilisema ninaingia kumi na sita na kila mtu alishangaa, maana wasichana wa kumi na sita wameshamaliza kurefuka, na mimi ndio kwanza naanza. Kocha aliingiwa na wasiwasi. Alikuwa ameniandikisha mashindano ya Kampala, wiki nane mbele, na mtindo wote alionitungia ulikuwa wa mwili mdogo. Akaniambia niache maziwa ya jioni, maziwa yanarefusha.

Nikafika nyumbani nikakataa maziwa. Wewe ambaye si wa kwetu huenda usione uzito wa jambo hilo. Mama alikuwa akimfuata mwenye ng'ombe hadi njia ya Gudele kuyapata maziwa hayo, na kwetu mtoto hakatai maziwa ya mama yake labda awe anakufa au amelaaniwa. Hakunigombeza. Aliyaweka chini akayafunika, asubuhi akayakuta, jioni akaleta mengine. Wiki tatu tulifanya hivyo, na hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza kuwa na ubaridi.

Mgongo nao ulikuwa umeshaanza. Pale chini, juu kidogo ya kiuno, mahali unapoweza kufunika kwa kidole kimoja. Bwaloni tulikuwa na swali letu. Ukikunja uso, Kocha aliuliza, inauma au inalalamika? Ikiuma unakaa. Ikilalamika unaendelea, kwa sababu kulalamika ni kazi ya mwili. Mimi kila siku nilijibu inalalamika. Nililala chini sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa kinaniumiza, nikainuka kwa kushika ukuta, nikaenda nikajibu inalalamika. Nikikuomba kitu kimoja katika maneno yote haya, ni usijibu kama mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Desemba, vumbi limeshaanza. Nilijipinda nyuma kufanya daraja, kitu nilichokifanya mara elfu, na ndani yangu kitu kikalia, kidogo tu, kama njugu inayobanjwa. Miguu ikapata ganzi. Nikalala pale kwenye turubai nasikia harufu ya maharage. Wa kwanza kufika hakuwa Kocha, alikuwa Keji, aliruka kutoka dirishani akanishika miguu akasema usiinuke, wewe, usiinuke. Deng akaitwa. Alinibeba kwenye pikipiki, mimi katikati, Keji nyuma amenibana nisipinde, tukaenda polepole mpaka bajaji zikatupita.

Hospitali ni benchi. Yatasemwa mengine, lakini unachokumbuka ni benchi. Mashine ya eksirei ilikuwepo, mafuta ya jenereta hayakuwepo, kwa hiyo tulingoja kutoka asubuhi hadi alasiri na mimi siwezi kukaa. Muuguzi mmoja aliniona nimesimama nimeegemea ukuta natetemeka. Alienda akaleta mkeka wake mwenyewe wa kusalia, akautandika chini ya dirisha, akanionyesha kwa mkono nilale. Watu walinikanyaga nywele mara mbili. Bado ninamwombea yule mama.

Mama alitoka sokoni na mikono yake ina mafuta ya karanga. Kocha alikuwa tayari yuko pale, akasimama kumsalimia, na hapo nikaona jambo. Miaka mitano yote hawakuwahi kuonana, kwa sababu mazoezi yalikuwa alfajiri na alfajiri ndiyo saa ya soko. Mama yangu akiingia mlangoni huinamisha kichwa. Kocha alimpa mkono huku anamtazama kutoka kwenye kandambili hadi kwenye kitambaa cha kichwani, safari ndefu.

Daktari alikuwa mwanamke aliyesomea Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alipiga picha ya mgongo na picha ya kifundo cha mkono, kwa sababu nilimwambia nacho kinaniuma. Akazibandika zote kwenye kioo cha dirisha. Ya mgongo aliisoma haraka, akatuonyesha ufa, mstari mwembamba ambao hata mimi niliuona. Ya mkono akakaa nayo. Akachukua kadi yangu, akatazama picha, akarudi kwenye kadi.

Akasema, "Mkono hii iko na miaka kumi na tatu. Kadi inasema kumi na sita. Nani anadanganya?"

Akamuuliza mama nilizaliwa lini. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa mvua, mvua ya kwanza tukiwa kijijini, mvua ya ng'ombe kufa, mvua mbili za njiani. Alipofika kambini alikuwa na vidole vinne. Akarudia, vikawa vinne. Akaendelea na mvua za kambi na za Juba, polepole, na daktari akimngoja, na mwisho akasema kumi na tatu imeingia, bado haijakaa.

Halafu akakumbuka dirisha la kuandikisha watu. Alinisimulia baadaye yote, lakini pale alisema kwa ufupi, kwa Kiswahili chake cha kambini. Karani alikuwa Mkenya, amechoka, foleni ndefu. Akauliza mtoto ana miaka mingapi. Mama wakati huo hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, alijua Kidinka na Kiarabu kidogo cha Juba.

"Mimi nasema arba," mama akasema. "Arba. Nne. Yeye anasikia saba."

Saba ni saba kwa Kiswahili na ni saba kwa Kiarabu chetu. Ukiwa na usingizi, arba na saba ni ndugu. Karani akaandika saba, akaongeza tarehe moja Januari kama alivyowaandikia nusu ya kambi, mama akaweka dole gumba, tukapewa kadi. Mama hajui kusoma. Kuanzia siku hiyo nikawa na miaka mitatu ambayo sikuwahi kuiishi. Nikawekwa darasa la wakubwa, na mama akadhani nimewekwa huko kwa akili.

Na meno? Yalikuwa yameng'oka yenyewe, kama ya mtoto yeyote wa miaka saba.

Kocha alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, kofia mkononi. Daktari alieleza kwamba mwili ulikuwa ukifanyishwa kazi ya mtu mkubwa wakati mifupa bado inakua, na hapo ndipo nilipoacha kusikiliza, kwa sababu mimi nilikuwa na swali moja tu. Nitarudi lini bwaloni? Akasema miezi mitatu plasta, halafu mkanda mgumu, halafu tutaona. Neno hilo, tutaona, ndilo nililoishi nalo miezi tisa.

Plasta niliwekewa Januari. Juba Januari hadi Machi, hata mbwa hawabweki mchana. Ndani ya lile koti jasho lilishuka likakosa pa kwenda. Kuwasha kulinitia wazimu. Deng alikuwa akiniinua asubuhi ananitoa chini ya kivuli cha nyumba, jua likizunguka ananihamisha, jioni ananirudisha ndani, na kila akinihamisha alikuwa anamtukana Kocha. Alitaka kwenda kumpiga. Mama akamwambia akienda aanze na yeye, kwa sababu kosa lilianzia mdomoni mwake. Waligombana wiki nzima juu ya kichwa changu, na mimi nimelala pale kama meza.

Mwili nao haukunisubiri. Nilikuwa nimezoea kuuamrisha, sasa ukafanya mambo yake bila ruhusa. Kifua kikaota ndani ya plasta kikaanza kubana, ikabidi daktari akate nafasi kwa msumeno mdogo huku mimi nimefumba macho kwa aibu. Hedhi ya kwanza ilinikuta nimelala chali. Nililia. Mama aliniosha kama alivyoniosha nikiwa mtoto, akaniambia sasa umefika, lakini bila haraka, maana tumeshaona haraka ilivyotufanya.

Nilikuwa nimemnunia tangu siku ya picha. Ukiwa mgonjwa unatafuta mtu wa kumlaumu, na aliye karibu ndiye anayelaumiwa, na aliye karibu ndiye anayekusafisha. Niligeuza uso ukutani akiniletea chakula. Siku moja mchana, alikuwa ananikuna mgongo kwa bua la mtama, analipenyeza taratibu kati ya plasta na ngozi kama alivyofanya kila siku baada ya soko, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuiangalia kadi.

Akaendelea kukuna. Akasema, "Niliiangalia kila siku. Nayo ikawa inaniangalia."

Nilicheka kidogo, na kucheka kwenye plasta kunauma, na yeye akacheka kwa sababu nimecheka. Jioni hiyo nilikunywa maziwa. Kesho yake nikamwambia alete mkaa, nikamwonyesha kuandika nne na kuandika saba, juu ya plasta, tumboni kwangu. Nne zake za kwanza zilitazama nyuma. Mpaka Machi tumbo langu lote lilikuwa nne. Daktari alipokuja kuikata plasta aliuliza hiyo ni hesabu gani, mama akamwambia ni umri.

Wale walioshindwa walikuja kunitazama, hilo nalo nisilisahau. Wani alileta machungwa. Achol alikuja na dada zake akanisuka. Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda niliwauliza, kila mmoja kwa wakati wake, kwa nini waliacha. Nilitegemea waseme ni ngumu. Hakuna aliyesema ni ngumu. Achol alisema alipochaguliwa alifurahi kwa sababu mama yake alifurahi, ikachukua miaka miwili kugundua kuwa yeye mwenyewe hajaulizwa. Wani alisema kwenye mpira mtu akikosea anachekwa, basi, hapimwi. Wote waliongea kwa upole, na wote, hata hivyo, walikuwa wanakumbuka yale magodoro. Nilitamani kuwaomba radhi kwa lile jina. Kwa Achol niliomba. Wengine waliondoka kabla sijapata ujasiri.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baada ya plasta kutoka. Ngozi ilikuwa na magamba, mabega yamelegea, na niliposimama nilimwona Deng kwa usawa wa macho. Nilikuwa nimerefuka ndani ya lile koti kwa upana wa vidole vinne, bila mtu kuona. Nikajifunza upya kuvaa viatu, kuinama, kuchota maji. Mkanda mgumu nilivaa mvua yote, matope yote ya Munuki. Kama na wewe uko hapo, vaa fulana ya pamba chini yake na usione haya kuomba usaidiwe kufunga kamba za viatu.

Keji alikuja kila Jumapili na habari za bwaloni. Kocha hakuwa amebakiwa na mtu wa kwenda Kampala, akamwona Keji dirishani, akamwambia ingia basi. Ile miguu mikubwa ilikuwa inamtua chini kama imepigiliwa. Alinisimulia kwa kujizuia, asiniumize. Niliumia, sitadanganya. Lakini nilimwambia asiache kitu, anisimulie hata makosa.

Mwezi wa tisa daktari alinipinda mbele, akanipinda nyuma, akapiga picha ya mwisho. Ufa ulikuwa umefunga. Akasema, "Unaweza rudi, pole pole. Kama unataka."

Nilitoka pale na maneno mawili ya mwisho yananisumbua. Tangu nilipopangwa mstarini uani, hakuna aliyewahi kuyasema.

Nilienda bwaloni kesho yake baada ya masomo. Kocha alikuwa anakunja turubai. Alizeeka kidogo mwaka ule, au mimi ndiye niliyekuwa naona nywele zake kwa mara ya kwanza kutoka juu. Alifurahi mpaka akaangusha turubai. Alikuwa ameshapiga hesabu zote. Kwa vile nina miaka kumi na tatu na si kumi na sita, alisema, tumepewa miaka mitatu ya ziada, tutaanza upya, atanitungia mtindo wa mwili mrefu, uko, ameuona. Aliongea kwa haraka. Mimi nilisimama chini ya bomba, nikainua mkono tu, nikalishika. Zamani nilikuwa nabebwa.

Nikamuuliza kitu nilichokuwa nimelala nacho miezi tisa. Je, siku ile uani angejua nina miaka saba, angenichagua?

Angeweza kunidanganya. Ningekubali. Alikaa juu ya godoro akafikiri.

"Hapana," akasema. "Wa miaka saba wote ni wadogo. Ningekupita."

Iliuma. Haikulalamika, iliuma. Dhahabu niliyokwenda nayo nyumbani miaka yote ilikuwa sikio la karani mwenye usingizi. Lakini nikiwa nimesimama pale nimeshika bomba, nilihisi pia kitu kinaachia mabegani. Kama hakunichagua mimi, basi sikuwa na deni la kubaki. Na yale niliyoyapenda, ile nukta ya kutulia kichwa chini, hayakutoka kwake, kwa hiyo hayakuwa ya kurudishwa kwake.

Nikamwambia sirudi. Nikamwambia pia kwamba Keji alikuwa hapo dirishani tangu siku ya kwanza. Akasema anajua, na kwamba siku hizi hachagui, anafungua mlango, atakayeingia ameingia, atakayetoka anamuuliza kwa nini. Alisimama anipe mkono akajikuta ananitazama juu, kama alivyomtazama mama.

"Maleesh, Nyandeng," akasema. Ndiyo samahani ya Juba, na kinywani mwake, Mluhya yule, ilitoka imepinda. Nilitoka nje kabla ya kulia.

Nyumbani mama alikuwa uani anasaga karanga. Nikamwambia nimeacha. Aliuliza kama mgongo umekataa, nikasema hapana, mgongo umekubali, mimi ndiye niliyeacha. Akasimamisha mawe. Akasema miaka yote ile watu walikuja sokoni kumwambia binti yako, binti yako, tumemwona hotelini, tumemwona uwanjani, naye anaitikia tu kwa sababu hajawahi kuona. Kwanza ilikuwa soko. Halafu alihofia kwamba akiniona angeniambia nishuke. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Nionyeshe hicho kitu," akasema.

Nikavua mkanda. Nikatafuta mahali penye udongo laini karibu na uzio wa mianzi, nikaweka mikono chini, nikapanda polepole kama daktari alivyosema, mguu mmoja, halafu wa pili. Mgongo ukanyooka. Hakukuwa na wa kuhesabu. Kichwa chini niliona nyayo za mama zimetulia kwenye maganda ya karanga, na nilijua bila kuziona kwamba nyayo zangu zimepita juu ya uzio, maana upande wa pili jirani alinyamaza ghafla.

Kisha akauliza, "Mama Deng, hiyo miguu ni ya nani?"

"Ni ya mtoto wangu," mama akasema. "Ngoja, sijamaliza kuangalia."